Eksirei ya mguu wa punda: Inayoyaonyesha na inayoyaficha

Na Mwandishi Wetu

PUNDA anayechechemea si kioja machoni pa mpita njia mjini Lamu. Katika mji huo mkongwe wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambao shirika la UNESCO liliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kupenya, na karibu kila kinachojengewa nyumba hufika mlangoni juu ya mgongo wa punda. Mchanga, mawe ya matumbawe, saruji, boriti na madumu ya maji hushushwa kutoka majahazini, hutiwa katika shogi, kisha mnyama huyo hupita njia za mawe na ngazi mara nyingi kwa siku moja.

Mguu mmoja ukiharibika, kazi husimama. Mwenye punda hulazimika kuamua, mara nyingi siku hiyo hiyo, kama ampumzishe, amtibu au akubali auawe ili asiteseke. Uamuzi huo kwa miaka mingi umefanywa kwa macho na vidole pekee: mguu umevimba, mguu una joto, mguu haukanyagi. Kilichomo chini ya ngozi, hasa kuanzia goti kwenda chini, kimebaki kuwa jambo la kukisia.

Picha za eksirei ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya kukisia huko. Lakini picha hizo zina kanuni zake, na punda ana maumbile yake ambayo yamewahi kuwapotosha hata mabingwa waliozoea kutibu farasi. Makala haya yanaeleza namna uchunguzi huo unavyofanyika, magonjwa ya mifupa yanayoweza kuonekana kwa njia hiyo, na yale ambayo mashine haitayaonyesha hata ikitumiwa na fundi aliyebobea.

Kwa nini sasa

Thamani ya punda imepanda. Sensa ya mwaka 2009 nchini Kenya iliwahesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo machinjio manne yalipewa leseni ya kuchinja punda, ngozi zao zikisafirishwa kwenda China kutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao, na wizi wa punda ukawa kilio cha vijiji vingi. Tanzania nayo iliwahi kuwa na machinjio ya aina hiyo kabla ya kupiga marufuku. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliafiki kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kwa mwenye punda, maana ya takwimu hizo ni nyepesi kuelewa. Punda aliyepotea si rahisi kumpata mwingine wa bei ile ile. Na jike la punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mwana mmoja tu, ambaye naye huhitaji miaka kadhaa kabla mifupa yake haijakomaa kwa mzigo. Kwa hiyo kumwokoa aliyepo, pale inapowezekana, ni hesabu ya nyumbani kabla ya kuwa suala la huruma.

Mguu wa chini umejengwaje

Msomaji ambaye hajawahi kuutazama mguu wa punda kwa makini huenda akadhani kwamba goti lake la mbele ni goti kama la binadamu. Sivyo. Kiungo hicho ni sawa na kiwiko cha kiganja cha mtu, yaani pale mkono unapokutana na kiganja. Kutoka hapo kwenda chini, punda anatembea juu ya kidole kimoja tu, kile cha kati, na kwato yake ndiyo ukucha.

Chini ya goti kuna mfupa mrefu na mnene, ambao wataalamu huuita metakapo ya tatu kwa mguu wa mbele na metataso ya tatu kwa mguu wa nyuma. Pembeni mwake umeshikamana na vijifupa viwili vyembamba, mabaki ya vidole vilivyopotea. Mfupa huo mrefu unaishia kwenye kifundo, ambako nyuma yake kuna vijifupa viwili vidogo vya sesamoidi vinavyofanya kazi ya kapi ya kupitishia kano. Baada ya kifundo hufuata falanji ya kwanza, kisha ya pili iliyo fupi, na mwisho falanji ya tatu ambayo imefichwa ndani ya kwato na kwa kawaida huitwa mfupa wa kwato. Nyuma ya mfupa huo wa mwisho kuna kijifupa kingine kiitwacho navikula.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba kuanzia gotini kwenda chini hakuna nyama. Kuna ngozi, kano, ligamenti, mishipa na mfupa. Jeraha la kamba au la bati ambalo pajani lingeishia kwenye misuli, hapa hufika mfupani mara moja. Ndiyo sababu maradhi mengi ya mifupa ya punda wa kazi huanzia kwenye kidonda ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kikubwa.

Kabla ya mashine

Daktari wa mifugo mwenye uzoefu haanzi na eksirei. Humtazama punda akiwa amesimama, akitembea, na inapowezekana akikimbizwa polepole kwenye ardhi ngumu. Kichwa kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapogusa ardhi, mguu huo ndio wenye maumivu. Kisha hupapasa kuanzia juu hadi chini akilinganisha na mguu wa pili, huhisi mpwito wa mishipa iliyo kando ya kifundo, na hukandamiza kwato kwa koleo maalumu ili kutafuta sehemu inayouma.

Tatizo ni kwamba punda ni mvumilivu kupita kiasi. Farasi mwenye maumivu hupiga kelele kwa mwili wake wote, punda hunyamaza. Dalili zake ni ndogo: hulala chini muda mrefu kuliko desturi, huhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, hubaki nyuma ya wenzake, masikio huelekea pembeni, hula polepole. Punda anapofikia hatua ya kuchechemea waziwazi, mara nyingi ugonjwa umekwisha kupiga hatua. Na anapoacha kula kwa sababu ya maumivu, hatari nyingine huingia: mafuta ya mwilini humiminika katika damu kwa wingi na kuharibu ini na figo, hali inayoweza kumuua katika siku chache, hasa aliye mnene au mwenye mimba. Maumivu ya mguu, kwa punda, yanaweza kuua kupitia tumboni.

Sababu iliyo ya kawaida kabisa ya punda kukataa ghafla kukanyaga ni jipu ndani ya kwato. Hilo halihitaji eksirei. Daktari huchimba sehemu inayouma kwa kisu cha kwato, usaha hutoka, na mnyama hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Picha huhitajika pale ambapo usaha haukomi, uchechemeaji unarudi, kuna uvimbe mgumu unaokua, kuna jeraha lililofika mfupani, au mguu umepinda mahali usipopaswa kupinda.

Ikiwa kuna shaka ya kuvunjika, mguu hufungwa kwanza ndipo mengine yafuate. Tabaka kadhaa za pamba na bendeji huzungushwa, kisha vipande viwili vya bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu hufungwa juu yake, kimoja nyuma na kimoja kando. Punda aliyevunjika asipofungwa vyema hutembea, na ncha kali ya mfupa hutoboa ngozi kutoka ndani. Kuvunjika kulikokuwa na matumaini hugeuka kuwa kidonda cha wazi chenye uchafu, na matumaini hayo huzimika.

Namna picha inavyopigwa

Mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali ya eksirei mwezi Novemba 1895, na kanuni yake haijabadilika. Miali hupenya mwili. Mfupa wenye chokaa nyingi huizuia na kuonekana mweupe pichani, nyama huonekana kijivu, hewa huonekana nyeusi. Kilichobadilika ni vifaa. Zamani filamu ilihitaji kusafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Siku hizi kuna mashine ndogo zinazotumia betri na sahani ya kidijitali inayotuma picha kwenye kompyuta kwa sekunde chache. Mguu wa chini wa punda ni mwembamba, hivyo mashine hizo ndogo zinatosha. Kwa mgongo au nyonga ya mnyama huyo huyo hazitoshi.

Maandalizi huchukua muda mrefu kuliko upigaji wenyewe. Kwato husafishwa na kusuguliwa kwa brashi, na ikiwa imerefuka sana hupunguzwa. Mifereji iliyo chini ya kwato hujazwa kitu laini kinachofinyangika. Hatua hiyo ya mwisho huonekana ya kipuuzi, lakini hewa iliyonaswa katika mifereji hiyo huacha mstari mweusi juu ya mfupa, na mstari mweusi juu ya mfupa ndiyo sura ya ufa. Punda wengi wamewahi kusingiziwa mvunjiko kwa kosa la tope na hewa.

Kisha punda husimamishwa akikanyaga vipande viwili vya mbao vyenye kimo sawa, mguu mmoja juu ya kila kimoja. Mbao hizo zinahitajika kwa sababu mashine haiwezi kuzama ardhini ili miali ipite sambamba na kwato. Uzito lazima ugawanyike sawasawa. Wasiwasi wa mnyama hupunguzwa kwa dawa ya kutuliza inayotolewa na daktari, au kwa njia ambayo wenye punda waijua vyema: kumsimamisha mwenzake kando yake. Punda huzoeana wawili wawili kwa uhusiano wa kina, na aliyetengwa na mwenzake huwa mgumu kushughulikiwa.

Picha moja haitoshi. Kiwango cha chini ni mbili, ya ubavuni na ya mbele, na kwa viungo kama goti na kifundo huongezwa mbili za mshazari, kila moja ikitoka upande wake. Sababu ni kwamba picha ni kivuli bapa cha kitu chenye pande zote. Ufa unaopita mshazari unaweza kutoonekana kabisa katika picha mbili na kujitokeza wazi katika ya tatu. Kwa mfupa wa kwato na navikula kuna picha nyingine ambayo miali huelekezwa kutoka mbele na juu kwenda chini.

Kila picha huwekewa alama ya risasi inayotaja mguu wa kulia au wa kushoto na upande wa nje. Mtu asiyeifanya kazi hii anaweza kudhani hilo ni urasimu. Lakini picha ya mguu wa kulia wa punda haina tofauti dhahiri na ya mguu wa kushoto, na daktari anayeisoma akiwa mbali hana njia nyingine ya kujua.

Punda si farasi mdogo

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wa miaka ya karibuni miongoni mwa wataalamu. Vipimo vingi vya kusomea picha za mguu vilitokana na farasi wa mbio na wa kupandwa katika nchi za Ulaya na Marekani, na kwa muda mrefu punda alipimwa kwa vipimo hivyo hivyo. Maumbile yao hata hivyo yanatofautiana.

Kwato ya punda ni ndogo, nyembamba na imesimama zaidi kuliko ya farasi. Ukiitazama kutoka chini haina umbo la duara bali inakaribia herufi U. Ukuta wake hushika unyevu mwingi zaidi, jambo linalomfaa mnyama ambaye asili yake ni jangwa la kaskazini mashariki ya Afrika, na linalomtesa anaposimama katika matope ya masika. La muhimu zaidi kwa msomaji wa eksirei ni mahali mfupa wa kwato unapokaa. Kwa farasi mzima, kilele cha mbele cha mfupa huo hukaribiana na ukingo wa juu wa kwato, pale nywele zinapokoma. Kwa punda mzima, kilele hicho kiko chini zaidi ya ukingo huo.

Tofauti hiyo ya milimita kadhaa ina uzito. Katika ugonjwa wa laminaitisi, tabaka laini zinazouning'iniza mfupa ndani ya kwato huvimba na kuachia, na mfupa ama huzunguka ncha yake ikaelekea chini, ama huzama mzima. Kuzama hupimwa kwa umbali uliopo kati ya ukingo wa nywele na kilele cha mfupa, ambapo kipande cha waya hubandikwa ukutani mwa kwato ili ukingo uonekane pichani. Daktari anayetumia kipimo cha farasi ataona umbali mkubwa kwa punda asiye na ugonjwa wowote, na kuandika kwamba mfupa umezama. Kwa farasi, kuzama kwa mfupa ni miongoni mwa hali zenye matumaini madogo kabisa, na ushauri unaofuata mara nyingi ni kumuua mnyama.

Uchunguzi wa eksirei uliofanywa kwa punda wazima na wagonjwa, na kuchapishwa mwaka 2011 katika jarida la madaktari wa farasi la Uingereza, ndio ulioweka wazi tofauti hizo kwa vipimo. Tangu hapo mabingwa husisitiza kwamba punda apimwe kwa vipimo vya punda. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya ushauri huo kukawia kufika katika kliniki za vijijini, kwa kuwa hauhitaji mashine mpya wala fedha, bali kurekebisha jedwali lililobandikwa ukutani.

Kuzunguka kwa mfupa ni rahisi zaidi kukutambua. Uso wa mbele wa mfupa na ukuta wa mbele wa kwato huwa sambamba kwa mnyama mzima. Vikiachana kwa pembe, tabaka zimeachia. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, ncha ya mfupa humomonyoka na kujikunja kwenda juu, na hewa huingia katika nafasi iliyofunguka na kuacha mstari mweusi. Sababu ni kadhaa: unene wa kupindukia, punda kuingia ghalani na kula nafaka nyingi kwa mara moja, homa ya kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa, au mguu mmoja kubeba uzito wa mwenzake ulioumia.

Yanayoonekana mara nyingi

Kwa punda wa mizigo na wa mikokoteni, uchakavu wa viungo ndio unaotawala. Gegedu lenyewe halionekani kwa eksirei, ila nafasi kati ya mifupa miwili hupungua kadiri gegedu linavyolika, na kingo za mifupa huota miiba midogo. Katika kiungo kilicho juu ya kwato, mfupa mpya unaweza kuota kuzunguka falanji na kuwa kama pete, uvimbe mgumu ambao wenye punda huuhisi kwa mkono. Si kila mwoto una uchungu. Ukingo wake ukiwa laini na mkali wa kuonekana, ni wa zamani na umetulia. Ukiwa na sura ya kuparazika, kana kwamba umechorwa kwa mkono unaotetemeka, kazi bado inaendelea ndani.

Vivyo hivyo kwa uvimbe mgumu unaojitokeza upande wa ndani wa mfupa mrefu, pale vijifupa vya pembeni vinaposhikamana nao. Punda mchanga aliyeanzishwa kazi mapema hupata uvimbe huo kutokana na ligamenti kuvutwa. Kazi ya eksirei hapo ni kutofautisha mwoto wa kawaida, ambao pumziko latosha, na kijifupa kilichovunjika.

Maambukizi ya mfupa ni jambo zito zaidi. Kidonda kilichofika mfupani kinaweza kuua kipande cha tabaka la nje la mfupa kwa kukikatia damu. Kipande hicho hubaki ndani kama kitu kigeni, na kidonda hufunga na kufunguka tena, usaha ukitoka kwa wiki na miezi, hata dawa ya viuavijasumu ikibadilishwa mara ngapi. Pichani huonekana kipande cheupe kilichozungukwa na ukanda mweusi. Tiba yake ni kukitoa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna ugonjwa unaoonyesha faida ya eksirei kwa punda wa kazi kama huu, maana fedha zinazomalizwa kwa sindano zisizofaa mara nyingi zingetosha kwa picha na upasuaji mdogo.

Kuhusu kuvunjika, habari zisizojulikana sana ni za kutia moyo. Punda ni mwepesi kuliko farasi, na uzito huo mdogo humwezesha kustahimili plasta ngumu ambayo farasi mkubwa asingeistahimili. Mvunjiko uliofungika wa mfupa mrefu wa punda mdogo, usiogusa kiungo na ambao ngozi yake haijatoboka, una nafasi ya kupona. Uliotoboa ngozi, uliopasuka vipande vingi au uliofika ndani ya kiungo una nafasi ndogo, na hapo daktari hupaswa kumwambia mwenye punda ukweli mapema.

Kwa punda mchanga pana mtego mwingine. Kanda za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa huonekana pichani kama mistari myeusi iliyokata mfupa, na asiyezijua huziita mvunjiko. Ile iliyo juu kidogo ya goti hubaki wazi hata baada ya umri wa miaka miwili. Njia ya kuondoa shaka ni kupiga picha mguu wa pili: kanda ya ukuaji iko pande zote mbili, ilhali mvunjiko ni nadra kuwa hivyo. Kanda hiyo kuwa wazi humaanisha pia kwamba mfupa haujakomaa, na mzigo mzito wakati huo unaweza kuupinda mguu moja kwa moja.

Inayoyaficha

Mwenye punda aliyelipia picha na kuambiwa kwamba haina kasoro hustahili kujua kauli hiyo ina mipaka gani. Mfupa hulazimika kupoteza sehemu kubwa ya madini yake, inayokadiriwa kuwa asilimia 30 hadi 50, kabla upungufu huo haujaonekana kwa eksirei ya kawaida. Maambukizi ya mfupa yaliyoanza juzi hayatakuwemo pichani. Huchukua siku 10 hadi 14 au zaidi kujionyesha. Ufa mwembamba usioachana unaweza kukosekana siku ya kwanza na kuonekana baada ya wiki moja au mbili, kingo zake zinapokuwa zimelika kidogo. Kwa sababu hiyo punda ambaye bado anauma mguu baada ya picha safi hufungwa na kupumzishwa, kisha hupigwa picha upya baada ya siku hizo.

Kano na ligamenti hazionekani ila kama kivuli cha kijivu. Kano iliyochanika nyuma ya mfupa mrefu, jeraha la kawaida kwa punda wa mkokoteni, huchunguzwa kwa ultrasaundi. Na picha haionyeshi maumivu. Punda mzee anaweza kuwa na viungo vilivyochakaa pichani na bado akatembea vizuri, huku mwingine mwenye picha nzuri akishindwa kusimama. Daktari anapotaka kuthibitisha kwamba kasoro aliyoiona ndiyo chanzo, huchoma ganzi sehemu hiyo na kumtembeza mnyama. Uchechemeaji ukitoweka, chanzo kimepatikana. Ganzi hiyo haichomwi pale panaposhukiwa mvunjiko, kwani mnyama asiyehisi maumivu atakanyaga kwa nguvu na kuumaliza mfupa.

Tahadhari ya mionzi

Miali hii haionekani wala hainusi, na uzembe huzoeleka haraka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 iliiweka Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kusimamia mashine zote za mionzi, zikiwamo za mifugo. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1.

Nje ya hospitali, ulinzi mkubwa ni umbali. Anayeongeza umbali wake mara mbili kutoka kwenye chanzo hupunguza mionzi anayopata hadi robo. Sahani ya kupokea picha hushikwa kwa kishikizo kirefu, kamwe si kwa vidole. Anayemshika punda kichwani huvaa aproni na glovu zenye risasi, na risasi hiyo haimkingi mtu aliyesimama katika njia ya miali yenyewe. Inazuia ile iliyotawanyika tu. Wajawazito na watoto huondolewa kabisa. Hilo la watoto si la kutajwa kwa kupita, kwa kuwa katika miji na vijiji vyetu anayemjua punda na kumtuliza kwa sauti yake mara nyingi ni kijana wa shule.

Pa kwenda

Mjini Lamu, shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilianzisha huduma za tiba ya punda mwaka 1987, na kliniki hiyo ndiyo kimbilio la kwanza la wenyeji. Kwa wanaohitaji uchunguzi wa kina, vitivo vya tiba ya mifugo vya Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro vina wataalamu wa fani hiyo. Kumsafirisha punda mwenye mguu mbovu kwa lori siku nzima ni mateso mengine, na ndiyo maana mashine ya kubebeka inayomfuata mnyama alipo ina faida kuliko ile kubwa iliyojengewa chumba.

Picha za kidijitali zimerahisisha jambo moja: zinaweza kutumwa kwa bingwa aliye nchi nyingine na jibu likarudi siku hiyo hiyo. Zitumwe kama faili lenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta hupoteza hasa vile vitu vidogo vinavyotafutwa, yaani ufa wa unywele na ukingo uliomomonyoka.

Punda aliyefungwa plasta hupigwa picha tena kati ya wiki ya nne na ya nane, kutegemea umri wake na mfupa ulioumia. Kinachotafutwa ni mfupa mpya uliounganisha pande mbili za ufa, na kingo za ufa zinazofifia. Plasta inapotolewa, punda hutembezwa mikononi bila mzigo kwa wiki kadhaa, na shogi hurudishwa mgongoni likiwa tupu kwanza.